Matanga ya Kifundo cha Mguu

Hebu niambieni nyie wenyewe. Mtu yuko Dodoma, saa tisa mchana, jua linamchoma utosini, uwanja unafuka vumbi, halafu anakuja kijana na filimbi yake anamwambia apashe mwili moto kabla ya kucheza. Apashe nini? Mimi jua lilikuwa limeshanipasha tangu asubuhi. Ndivyo nilivyomjibu Henry, mwalimu wa timu yetu ya netiboli ya ofisini. Wenzangu wakacheka, wakaenda kurukaruka na kuzungusha viuno kama watu walioingiliwa na siafu, nami nikabaki kivulini nikitafuna karanga.

Naitwa Loisi. Mgogo wa Kongwa, mkazi wa kata ya Kikuyu hapa mjini, mfungaji wa timu tangu ofisi yetu ilipohamia Dodoma. Ofisi yenyewe siitaji, bado nakula mshahara wake. Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa fainali ya bonanza la ofisi za serikali, na kwangu mimi haikuwa fainali tu. Henry alikuwa ameshatangaza kwamba kuanzia mwakani kina mama wa umri wangu tutahamishiwa kwenye bao. Bao, jamani! Mimi nikae kwenye mkeka nisogeze kete na wazee wenye vikohozi! Kwa hiyo hii ilikuwa mechi yangu ya mwisho uwanjani, nilijua hivyo.

Na bado kulikuwa na jambo la pili. Timu tuliyokuwa tunakutana nayo ilikuwa na mlinzi wa goli anayeitwa Debora, na Debora ni mwanangu wa kumzaa. Kudaka mpira nilimfundisha mimi, uani kwetu Kongwa, kwa mpira wa matambara. Alipoajiriwa ofisi ya jirani wakampa kazi ya kumkaba mfungaji wa wapinzani, na mfungaji ndiye mama yake. Watu walikuwa wakiisubiri mechi hiyo kuliko mwisho wa mwezi. Nami niliambiwa kwamba Debora anawaeleza wenzake kuwa mama yake alikuwa mchezaji hatari zamani. Zamani! Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kazini.

Sasa turudi kwenye mazoezi. Nilimaliza karanga zangu, nikakung'uta maganda, nikaingia uwanjani. Mpira wa kwanza tu nikaurukia. Raba zangu ni za mtumba wa soko la Sabasaba, nimezivaa mpaka nyayo zimekuwa laini kama sahani. Nilipotua ziliteleza juu ya mchanga, mguu ukalala ubavu, na ndani ya kifundo nikasikia kitu kimesema "ka".

Henry akataka kuagiza barafu. Nikamwambia barafu ni ya soda, mimi naenda kwangu nikakandwe. Wenzangu wakaniingiza kwenye bajaji.

Mume wangu Gerson ni mtu mwema, na wema wake wote anautia kwenye sufuria. Ukiumwa kichwa, anabandika maji. Ukiwa na huzuni, anabandika maji. Siku hiyo aliyachemsha mpaka kifuniko kikacheza, akatia chumvi ya mawe, akachovya taulo, akanikanda. Mimi mwenyewe nilimhimiza aongeze moto, kwa sababu ndivyo tulivyokuzwa: mtu akiteguka anakandwa, na asipolia hajakandwa. Alipomaliza kukanda akachukua mafuta ya kondoo, akanichua kwa vidole gumba viwili vilivyozoea mpini wa jembe. Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakahama. Gerson akasema kwa furaha kwamba hiyo ndiyo dawa inaingia.

Kama iliingia, basi iliingia na jamaa zake wote. Kulipokucha mguu ulikuwa boga.

Mtu wa kwanza kuniona asubuhi hiyo alikuwa Anjelina, tunayekaa naye meza moja ofisini, aliyepita kuuliza kwa nini sijafika kazini. Alifunua shuka, akaufunika mguu tena kwa heshima zote, akaenda kuita bajaji, tukapanda sote na Gerson. Hospitali tulipokewa na Zahir, kijana wa wale wenye duka la vitambaa mjini, ambaye kazi yake ni kurudisha viungo vya watu kazini. Alinibonyeza mfupa mmoja mmoja, akanipeleka kupigwa picha, na picha ikaonyesha hakuna kilichovunjika. Kisha akauliza kwa upole ni nani aliyekanda. Gerson akanyoosha mkono kwa fahari kama mtoto aliyepata jibu la hesabu.

Zahir hakumgombeza. Alimweleza kwamba kano, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, zilikuwa zimechanika kidogo na ndani kulikuwa kunavuja, na kwamba maji ya moto na kuchua wakati jeraha ni bichi ni sawa na kufungua bomba wakati nyumba imejaa maji. Siku mbili tatu za mwanzo dawa ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, isigusane na ngozi, robo saa hivi halafu inaondolewa, na baadaye unairudia. Bandeji ikaze lakini vidole visife ganzi. Mguu ulazwe juu ya mito, upite usawa wa kifua. Mazoezi yatakuja polepole, uvimbe ukipungua. Nikamuuliza habari za Jumamosi. Akavua miwani.

"Mama, kano iliyolegea ukiivuta tena kabla haijashika, utachechemea mpaka ustaafu. Jumamosi utakaa kwenye kiti."

Nikamwambia asante sana mwanangu, Mungu akubariki. Moyoni nikaapa kwamba nitacheza.

Gerson hakuona kitu. Anjelina aliona. Anjelina ni Mhehe wa Iringa, na mimi Mgogo, kwa hiyo ni watani, na mtani wako anakusoma kuliko aliyekuzaa. Wazee wetu walichomana mikuki wakachoka, sisi wakatuachia midomo. Yeye huniambia Wagogo tunaomba mpaka mvua ya jirani, mimi humwambia kwao kuoga ni sikukuu kwa ile baridi, na siku inakwisha vizuri. Lakini utani una meno yake. Kwenye msiba mtani anaweza kulala mbele ya jeneza na lisipite, anaweza kujitwalia nguo za marehemu, na huruhusiwi kununa. Ukimnunia mtani umejiaibisha wewe na ukoo wako.

Kesho yake asubuhi nilikuwa uani najaribu kukanyaga. Nilikuwa nimeshavaa raba mguu mzima, na ule mbovu nimeuchomeka nusu, jasho linanitoka, nasema kimoyomoyo kwamba mbona unakanyagika. Nikasikia kilio mlangoni.

Si kilio cha mtu mmoja. Anjelina alikuja na dada zake wawili wa Iringa, kanga viunoni, wakatandika mkeka mlangoni pangu wakaketi na kuangua maombolezo. "Kifundo wee! Kifundo cha Loisi, umetutoka ungali mbichi! Umeuawa na karanga, ukamaliziwa na maji ya moto!" Mtaa ukajaa. Jirani mmoja alifika na unga wa kufariji wafiwa. Gerson alipigiwa simu na mtu asiyeeleza vizuri, akaja mbio kutoka sokoni akiwa amekumbatia kabichi, machozi yanamtiririka. Aliponikuta nimesimama mzima na raba moja na nusu hakujua acheke au anipige na ile kabichi.

Anjelina akasimama kutangaza utaratibu wa matanga. Marehemu hatembezwi, alisema. Marehemu hachuliwi. Marehemu hapelekwi uwanjani. Atalazwa juu ya mito, na yeyote atakayemwamsha atawajibu watani. Halafu akainama akanivua raba zote mbili mbele ya mtaa mzima, akazitia kwapani.

"Nguo za marehemu ni za mtani," akasema.

Nilichemka. Naapa nilichemka kuliko maji ya Gerson. Lakini ningefanya nini? Watu wote walikuwa wananitazama kama nitanuna. Nikacheka meno ya nje, nikabebwa kitandani kama maiti, kina dada wa Iringa wakiimba nyuma. Wengine walipotoka Anjelina alibaki akinipangia mito, na sauti yake ikawa nyingine.

"Leo nalia kwa mchezo, mtani. Usije ukaniliza kweli."

Nikageukia ukutani. Yeye alidhani naogopa kuumia. Mimi nilikuwa naogopa ule mkeka wa bao. Mguu utapona, lakini ukishawekwa kando na watoto uliowafundisha mwenyewe, nani atakurudisha?

Basi nikalala. Anjelina alikuwa akipita mchana na barafu, Gerson naye, kwa kukosa cha kuchemsha, akawa fundi wa mito. Uvimbe ukanywea kweli, siwezi kusema uongo. Na kadiri ulivyonywea ndivyo shetani alivyonijia. Ijumaa, Gerson akiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nilijiburuta hadi chumba alichokuwa akilala Debora, nikainama chini ya kitanda, nikatoa raba zake za zamani, za enzi za shule. Miguu yetu ni saizi moja. Nikazificha chini ya kanga kwenye mkoba wangu.

Jumamosi uwanja ulifurika. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya kiti kingine, bandeji inang'aa. Debora alifika kwa kuchelewa na jezi yake ya bluu. Akanijia kwanza, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaitazama bandeji, akauliza kama ni kweli sichezi. Nikamwambia nimekuja kutazama tu, macho yangu yakiwa kwenye goli. Aliganda pale kidogo kama mwenye neno, akaondoka nalo. Wenzake walikuwa wanamaliza kupasha. Mmoja akamwita ajiunge, nikamsikia binti yangu akijibu kwa sauti inayofanana na yangu kabisa kwamba jua limeshampasha. Watu wa karibu wakanigeukia. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Nafasi yangu kwenye timu yetu ya kijani alipewa Dilnaz wa uhasibu, ambaye alikuwa amepasha mpaka mashavu yamewiva. Alifunga vizuri, lakini Debora alikuwa ukuta. Tulipokaribia mwisho wa robo ya tatu tulikuwa nyuma kwa magoli machache. Anjelina alikuwa upande wa pili akiongoza ngoma na vigelegele. Henry akaja akachuchumaa kando ya kiti changu. Henry huyuhuyu wa bao! Akaninong'oneza kwamba robo ya mwisho ananihitaji, nisimame tu chini ya goli, sina haja ya kukimbia.

Nawaambieni ukweli, nilifurahi mpaka nikahisi baridi mgongoni. Nikafungua mkoba, nikatoa raba, nikavaa ule mguu mzima. Nikalegeza kamba za pili, nikausukuma mguu wa bandeji ndani kidogo kidogo huku nimeuma ulimi. Ukaingia. Nikafunga kamba.

Nilipoinua kichwa, Debora alikuwa hewani akidaka mpira, lakini macho yake hayakuwa kwenye mpira. Akatua juu ya mguu wa Dilnaz. Nami, pamoja na kelele zote zile za uwanja, niliisikia ile "ka".

Filimbi ikalia, watu wakamzunguka. Kila mtu alikuwa daktari. Mmoja anasema ashikwe avutwe, mwingine anasema achuliwe upesi kabla damu haijaganda, na mama muuza chai alikuwa tayari anavuka mstari na birika lake linatoa moshi. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka tu sauti yangu ikisema kwamba atakayemgusa mwanangu na maji ya moto nitamwogesha nayo. Birika likageuka likarudi lilikotoka.

Debora alikuwa ameshasimama kwa mguu mmoja, amemshika mwenzake bega, anadai afungwe bandeji aendelee.

"Kaa chini," nikamwambia.

"Niache, mama. Imebaki robo moja."

"Mguu umeteguka huo. Ukiuvuta tena utachechemea mpaka ustaafu. Kaa chini!"

Pembeni wale wa bluu wakaanza kunung'unika. Wakasema mama ana ujanja, anamtoa mlinzi ili ofisi yake ishinde. Nilitaka kuwageukia niwape vidonge vyao, lakini Debora hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa akitazama miguu yangu.

"Hizo raba ni zangu," akasema.

Nikairudisha miguu nyuma, kana kwamba ingefichika.

"Nilikuona unazivaa, mama. Nilikuwa nakutazama wewe, ndiyo maana sikuona ninapotua. Ulisema umekuja kutazama." Hakuwa mlinzi wa goli tena, alikuwa yule mtoto wa mpira wa matambara. "Nikitoka mimi, unaingia wewe na mguu huo. Basi sitoki."

Mungu wangu. Siku zote nilidhani mtoto huyu anangoja kunizika na neno lake la zamani. Kumbe alikuwa radhi asimame pale kwa mguu uliochanika, goli zima aliache, ilimradi mimi nisiingie. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na ubishi wake nilijua duka alikonunua.

Nikakaa chini, palepale kwenye vumbi, mbele ya ofisi zote za serikali. Nikafungua kamba za raba ya kwanza, nikafungua za pili, nikazivua. Henry akaja akiniita Mama Debora, akasema jamani tunakuhitaji, mwamuzi anasubiri.

"Kacheze bao," nikamwambia.

Debora akatazama raba, akanitazama mimi. Halafu taratibu akajishusha akakaa kando yangu, akaanza kulia kama mtu aliyeruhusiwa. Nikamwinua mguu nikauweka mapajani mwangu, na kwa kuwa mama hawezi kumtania mwanawe wa kumzaa, nikampungia mkono yule anayeweza.

"Mtani! Njoo, nina msiba mwingine."

Anjelina alivuka uwanja mzima akilia kwa sauti ambayo nadhani hata huko mbali Gulwe waliisikia. Akazitwaa zile raba bila kuomba. Kwa muuza barafu za ubuyu akachota barafu zote za vifuko, ndogo kwa kubwa, akazifunga kwenye kanga yangu, tukazikandamiza kwenye kifundo cha Debora. Vifuko viwili vikapasuka, ubuyu ukachuruzika mwekundu mpaka vidoleni, na shangazi mmoja wa timu ya bluu alipouona akadhani mguu umekatika, ikabidi naye apepewe. Debora alicheka huku analia. Mechi iliendelea bila sisi, na ofisi yangu ikafungwa, na Henry akapitisha siku kadhaa bila kunisalimia, jambo ambalo lilinipumzisha.

Siku zile Debora alihamia kwangu. Tulikaa kwenye kochi moja, miguu yetu juu ya mito, na Gerson alipita mbele yetu na barafu huku akilitupia jicho la huzuni sufuria lake. Siku moja nikamuuliza binti yangu kuhusu lile neno la zamani. Akashangaa. Akasema kweli alilisema, lakini walionifikishia walikata mkia: alikuwa amewaambia wenzake kwamba mama alikuwa hatari zamani, na sasa ni hatari zaidi kwa sababu hata hapashi. Sikujua kama nimesifiwa. Nikamwambia asirudie kusema hivyo mbele za watu, na nikamwambia na yeye atapasha, nitamsimamia kwa fimbo.

Uvimbe ulipokwisha, Zahir alitupa zoezi la kurudishia kifundo nguvu: usimame kwa mguu ulioumia peke yake, urushiane mpira na mwenzako bila kuanguka. Tukaenda uani. Kabla ya kuanza nikamlazimisha tuzungushe vifundo na kutembeatembea, jua kali vilevile, nami sikusema neno. Anjelina alikuwa mwamuzi, amekaa kwenye kigoda, amevaa raba zangu zisizo na nyayo, zile za Debora ameziweka mapajani.

Akapuliza filimbi. Atakayeshusha mguu wa pili kwanza, amefungwa. Nilimrushia mpira, akanirudishia, nikamrushia, tukaenda hivyo mpaka paja likaanza kunitetemeka na jasho kuniingia machoni. Debora akayumba kulia, akayumba kushoto, akapeperusha mikono, akashusha mguu.

Anjelina akatangaza kwamba Kijani wameshinda fainali. Nilimkumbatia mwanangu pale uani, nikamuuliza kama ameshusha kwa makusudi. Akasema hapana. Nikamwangalia vizuri usoni, kwa sababu huyo mtoto nimemzaa mimi na uongo wake naujua unakokaa, na sikuuona.

"Tena," akasema, akapanda juu ya mguu wake mmoja. "Mama, tena."